Picha imo ndani ya zip, gemu haiioni

SWALI: Shikamoo mama. Naandika gemu ya bao kwa lugha ya C, na kompyuta yangu ni ya Windows. Picha zilipokuwa kwenye folda ya kawaida zote zilifunguka. Rafiki akanishauri nitumie PhysicsFS (maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, wa kusoma mafaili), mafaili yote niyafunge kwenye zip moja. Sasa picha ya ubao imegoma, na pointi za mchezaji hazihifadhiki. Nimechungulia ndani ya zip: faili limo, linaitwa picha/Ubao.PNG. Gemu inaomba picha/ubao.png. Shida iko wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Shida ya kwanza umeshaiandika mwenyewe: U kubwa, na PNG kubwa. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, ndiyo maana folda haikukusumbua. Ndani ya zip, PhysicsFS hulinganisha jina herufi kwa herufi. Yape mafaili yote majina ya herufi ndogo, kisha funga zip upya. Ungeipeleka gemu hiyo Linux, hata folda ingekugomea.

Ila nataka uelewe kinachofanyika. Ukiita PHYSFS_openRead, gemu yako haigusi diski moja kwa moja. Maktaba inayo orodha ya sehemu ulizozipachika kwa PHYSFS_mount: folda, zip, hata 7z. Inalitafuta jina ulilotaja katika sehemu hizo moja baada ya nyingine, na ya kwanza kuwa nalo ndiyo inayotoa faili. Gemu inapokea baiti tu. Zimetoka kwenye folda au zimefumuliwa kutoka zip, yenyewe haina habari.

Hapo ndipo ninapoipendea maktaba hii. Tuseme gemu imeshatoka, ukagundua picha moja ina kasoro. Tengeneza zip ndogo yenye picha hiyo peke yake, kwa njia (folda lilimo faili) na jina lilelile, uipachike mbele ya ile kubwa: hoja ya tatu (thamani ya tatu unayoipa) ya PHYSFS_mount iwe 0, kwa sababu 1 huipeleka mkiani. Picha mpya itaifunika ya zamani, na mchezaji mwenye bando dogo hatalazimika kupakua gemu nzima tena. Ukitaka kujua faili limetoka sehemu ipi, iulize PHYSFS_getRealDir.

Kuhusu pointi: PhysicsFS haiandiki ndani ya zip. Huandika kwenye folda moja tu, ile utakayoitaja kwa PHYSFS_setWriteDir. Usipoitaja, PHYSFS_openWrite inarudisha NULL, yaani imeshindwa kufungua faili. Mahali pazuri utapewa na PHYSFS_getPrefDir, iwe Windows, Linux au Mac. Kisha ipachike folda hiyohiyo kwa ajili ya kusoma, maana kuitaja kuwa ya kuandikia hakuiingizi kwenye orodha ya kusomea.

Utakutana pia na katazo la njia zenye nukta mbili (..), zinazomaanisha kupanda folda ya juu. Limewekwa makusudi, ili gemu isitoroke kwenda kupekua mafaili mengine ya mtu. Tafadhali usilikwepe kwa kutumia fopen, ile ya kawaida ya C ya kufungulia mafaili.

Na muziki wako, kama ni ogg, uweke kwenye zip bila kuubana. Usomaji wa faili lililobanwa ukirudishwa nyuma, PhysicsFS hulazimika kulifumua tena kuanzia mwanzo, na ogg yenyewe imeshabanwa tayari.