Maswali yenu: marudiano ya Katie Taylor na Amanda Serrano, kwani nani alishinda?

Tangu niseme kwamba kwenye marudiano ya mabondia Katie Taylor na Amanda Serrano kadi yangu (karatasi ya pointi za raundi) ilikuwa 96-93 kwa Serrano, meseji hazijakatika, wengine mnanipongeza wengine mnanitukana kistaarabu. Kwa ambaye hakufuatilia: ni lile pambano la Novemba 15, 2024 kule Arlington, Texas, usiku mmoja na Mike Tyson na Jake Paul, huku kwetu ilikuwa Jumamosi asubuhi na watu wengi waliamka kwa ajili ya Tyson wakajikuta wamesimama kwenye viti kwa ajili ya akina dada. Majaji wote watatu walimpa Taylor, aliyekuwa bingwa, 95-94. La kwanza, New York Aprili 2022, Taylor alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Julai 2025 wakakutana mara ya tatu Taylor akashinda tena. Lakini karibu wote mnauliza hilo la katikati, na ndilo linaloniuma mimi pia, kwa hiyo twende.

"Kaka, takwimu zinasema Serrano alitua ngumi 324 na Taylor 217. Zaidi ya mia! Mtu anashindaje wakati ndiye aliyepigwa zaidi?" (Ngarenaro, Arusha)

Chalii yangu, hizo namba ni za CompuBox, ni watu wanakaa pembeni wanabonyeza kitufe kila wakiona ngumi imetua, kwa ajili ya watazamaji wa TV. Jaji haletewi hizo namba. Jaji anaangalia raundi moja, ikiisha anaandika 10 kwa aliyeshinda na 9 kwa aliyeshindwa, halafu raundi inayofuata inaanza upya kabisa kama vile iliyopita haikuwepo. Kwa hiyo Serrano akishinda raundi kwa ngumi ishirini zaidi anapata faida ya pointi moja, na Taylor akishinda raundi kwa ngumi mbili tu zaidi naye anapata faida ileile ya pointi moja. Hapo ndipo mtu anaweza kupigwa zaidi kwa jumla na bado akashinda, na kwenye karatasi hakuna aliyeiba.

Sasa sikia kwa nini bado nasema majaji walikosea. Tofauti ya ngumi 107 kwenye raundi kumi ni karibu ngumi kumi na moja kila raundi. Kadi ya 95-94 maana yake Taylor alipewa raundi sita na Serrano nne (nitaieleza hesabu yake kwa dada wa Njiro hapo chini). Ili hiyo ikubalike, zile raundi nne za Serrano zingebidi ziwe za kipigo kizito sana, tofauti yote ijazane mle, na zile sita Taylor awe amezishinda kwa ubora wa ngumi. Mimi nimelitazama tena bila sauti na sikuona hivyo. Nilichoona ni Serrano anampeleka Taylor kwenye kamba, mkono wa kushoto unaingia mbavuni, Taylor anajibu kwa ngumi tatu za haraka zinazopendeza macho, ukumbi unalipuka, lakini ukisimamisha picha unakuta mbili zimeishia kwenye glovu. Jaji anatakiwa aangalie kwanza ngumi safi zilizotua na madhara yake, ndipo aje kwenye nani anashambulia kwa faida, nani anautawala ulingo, nani anajilinda vizuri. Nikianza na hilo la kwanza napata sita za Serrano na nne za Taylor. Na zile nne za Taylor nilimpa bila kusita, asije mtu akasema namchukia Taylor.

Ila usiifanye CompuBox kuwa msahafu. Jebu (ngumi nyepesi ya mkono wa mbele) iliyogusa tu paji la uso na ngumi iliyomtikisa mtu magoti pale zote zinahesabiwa moja.

"Taylor alikuwa anaingia na kichwa kila mara, Serrano kachanika jicho damu inatiririka, refa kaja kukata pointi moja tu raundi ya 8. Angekata mapema ingekuwaje?" (Dada wa Njiro)

Dada yangu, umeuliza swali ambalo wanaume kwenye vibanda umiza hawaliulizi kabisa. Hesabu yake ni hii: raundi sita kwa nne bila adhabu ni 96-94. Toa pointi moja ya kichwa, Taylor anabaki na 95, ndiyo hiyo 95-94. Angekatwa pointi nyingine moja tu ingekuwa 94-94 kwa majaji wote watatu, sare. Na kama kila jaji angehamisha raundi moja tu kati ya zile sita kwenda kwa Serrano, inakuwa 95-94 kwa Serrano na mikanda yote inahama. Yaani pambano zima limekaa juu ya raundi moja na uamuzi mmoja wa refa.

Jaji hana ruhusa ya kukata pointi kwa sababu ya kichwa, hiyo ni kazi ya refa peke yake, jaji anaandika anachoambiwa. Kwa hiyo tusiwabebeshe majaji huo mzigo. Refa ndiye alitakiwa aamue mapema kama anaona ni bahati mbaya au ni tabia, na mtu akirudia kuingia kichwa mbele baada ya kuonywa, kwangu hiyo ni tabia, pointi ikatwe raundi ya 5 au ya 6 ili bondia abadilike.

Na kuna jambo wengi hawalijui, kwa kanuni za kawaida za Marekani kama daktari angesimamisha pambano kwa sababu ya mchaniko uliotokana na vichwa kugongana kwa bahati mbaya, raundi nne zikiwa zimeshapita, wangehesabu kadi za hadi pale. Serrano na watu wa kona yake walikuwa na jicho bovu na hofu ya kusimamishwa, na bado akapigana vile. Mimi namheshimu sana yule mwanamke.

"Bingwa si lazima anyang'anywe mkanda kwa nguvu? Raundi ikiwa ngumu kuamua apewe bingwa." (Usa River)

Hapana ndugu yangu. Hakuna kanuni hiyo popote, ni msemo wa mashabiki. Bingwa ana faida moja tu, ikitoka sare anabaki na mkanda wake. Kengele ikilia wote wana sifuri.

"Kwa nini wanawake wanapigana dakika mbili? Na je hilo linabadilisha pointi?" (Moshi, Majengo)

Linabadilisha sana, na nashukuru umeuliza kwa sababu watu wanabishana kuhusu majaji wanasahau saa. Wanaume raundi za ubingwa ni dakika tatu mara kumi na mbili, wanawake kwa kawaida dakika mbili mara kumi. Jumla dakika 36 kwa 20. Kwenye dakika mbili bondia anayekufanyia kazi ya mwili taratibu, anayekuchosha mbavu ili ukatike pumzi mwishoni mwa raundi, kengele inamkatisha palepale kazi inapoanza kuzaa. Halafu yule mwenye mikono ya haraka anaweza kuja na fujo la sekunde kumi na tano za mwisho akaacha picha kichwani mwa jaji, na kwenye raundi fupi sekunde kumi na tano ni nyingi sana. Nani ananufaika? Taylor. Nani anaumia? Serrano, anayependa kusogea na kupiga mfululizo.

Na Serrano hili hajaliongea tu, amelifanyia kazi. Oktoba 2023 kule Orlando alipigana na Danila Ramos raundi 12 za dakika tatu tatu, akashinda kwa pointi, na baadaye mwaka huohuo akauachia mkanda wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi ya dunia, kwa sababu WBC walikuwa hawakubali dakika tatu kwa wanawake. Mwanamke kauacha mkanda wa dunia mezani kwa sababu ya dakika moja! Mimi niko upande wake asilimia mia. Wapeni dakika tatu, tena mtaona na hizi kadi za utata zinapungua maana jaji anapata muda wa kuona nani kweli anaumia.

"Kijana, mimi nilikuwa shabiki wa Hearns. 1989 alimwangusha Leonard mara mbili wakatoa sare. Nieleze basi hesabu yake kabla sijafa." (Mzee wa Kaloleni)

Shikamoo mzee wangu, Mungu akupe miaka mingi bado. Hilo la Juni 12, 1989 pale Caesars Palace, Las Vegas, lilikuwa marudiano baada ya Leonard kummaliza Hearns raundi ya 14 mwaka 1981. Hearns akamwangusha raundi ya 3 na raundi ya 11, na kila kuangushwa kwa kawaida ni 10-8. Jaji mmoja akatoa 113-112 kwa Hearns, mwingine 113-112 kwa Leonard, wa tatu, Dalby Shirley, 112-112. Jibu lako liko kwenye raundi ya 12. Leonard alimbana Hearns vibaya lakini hakumwangusha, na Shirley peke yake akaandika 10-8 badala ya 10-9. Angeandika 10-9 kadi yake inakuwa 113-112 kwa Hearns na mtu wako anashinda. Pointi moja mzee. Kanuni inamruhusu jaji kutoa 10-8 bila mtu kuanguka kama kipigo kimezidi sana, kwa hiyo huwezi kusema kavunja sheria, ila Leonard mwenyewe miaka ya baadaye alikiri kwamba Hearns ndiye alishinda, basi mimi nani nibishe.

Na wale wanaopenda Pacquiao na Marquez, kisa chao ni kilekile. 2004 Pacquiao alimwangusha Marquez mara tatu raundi ya kwanza, majaji wawili wakaandika 10-6, wa tatu, Burt Clements, akaandika 10-7 na baadaye akakubali alikosea, pambano likaisha sare kwa sababu hiyo. Marudiano ya 2008 Pacquiao akashinda kwa majaji wawili, mmojawapo 114-113, na alikuwa amemwangusha Marquez raundi ya 3. Ondoa kule kuanguka kumoja unapata sare nyingine.

"Huwa nasikia kwamba kwenye marudiano majaji wanamlipa aliyedhulumiwa mara ya kwanza. Ni kweli?" (Mwanachuo, Arusha)

Sioni ushahidi wa majaji kufanya hivyo. Angalia mabondia Canelo na Golovkin. 2017 jaji Adalaide Byrd akatoa 118-110 kwa Canelo, kadi ambayo hadi leo sijakutana na mtu wa kuitetea, ikaishia sare. Kama kuna deni la kulipa basi ni lile, na marudiano ya 2018 yakatoka 115-113, 115-113 na 114-114, akashinda Canelo. Golovkin hakulipwa kitu.

Ila sisi mashabiki ndio tunaolipa deni. Mtu amekaa na hasira za 2017 mwaka mzima, 2018 kila raundi ya utata anampa Golovkin, halafu anasema kaibiwa tena. Hata Taylor na Serrano, kama ulitoka 2022 unaamini Serrano kaonewa, chunga kalamu yako. Mfano mzuri wa kutuliza vichwa ni Beterbiev na Bivol kule Riyadh, Oktoba 2024 Beterbiev alishinda 114-114, 115-113, 116-112, Februari 2025 Bivol akashinda kwa namba zilezile kabisa. Watu wakasema kapewa zawadi. Mimi naona ni mabondia wawili wanaolingana tu, basi.

"Si watangaze pointi katikati ya pambano tujue moja?" (Ngaramtoni)

WBC wanao utaratibu huo, kadi zinasomwa baada ya raundi ya 4 na ya 8. Ulitumika kwa Canelo na Austin Trout mwaka 2013, ikatangazwa baada ya ya 8 kwamba Canelo yuko mbele mno, Trout akajua bila KO (kumwangusha mwenzake asiinuke) amekwisha. Sipendi. Aliyeko mbele anaanza kukimbia na tunabaki kutazama mbio.

"Mimi na mdogo wangu hatuongei tangu Jumapili kwa sababu ya hili pambano. Yeye 95-94 Taylor, mimi Serrano. Tufanyeje?" (Sakina)

Ongeeni kwanza, nyie ni damu moja. Halafu tafuteni marudio, zimeni sauti kabisa maana mtangazaji akishamchagua mtu wake anakuvuta na wewe bila kujijua, na kelele za ukumbi nazo hivyohivyo. Kila mtu na karatasi yake, mistari kumi, msikae karibu. Kengele ikilia andikeni palepale kabla ya marudio ya picha za taratibu, jaji hana marudio. Raundi ya 8 ondoeni pointi moja ya Taylor. Pembeni ya kila raundi andikeni maneno mawili matatu ya sababu, mfano "mbavu, kushoto" au "ngumi safi mwishoni", kwa sababu bila sababu mtaanza tena ugomvi wa jumla jumla. Msijumlishe hadi mwisho. Mkimaliza wekeni karatasi pamoja, na mtakuta mnapishana raundi mbili au tatu tu, hizo ndizo mzirudie na kuzibishania. Na mdogo wako akibaki na sita za Taylor anitumie ni zipi na kwa nini, nitazitazama moja moja na kumjibu.