Kabla Hujachomelea Krankikesi ya Ndege

Ukiona mafuta yamechuruzika tumboni mwa ndege, usikimbilie kubadilisha gasketi. Osha injini, iache ikauke, ipulizie poda nyeupe kisha iwashe dakika chache. Mafuta yenyewe yatakuchorea njia. Ndivyo nilivyofanya hapa Kisumu kwa Cessna moja yenye injini ya Lycoming O-320, na mstari ukaanzia kwenye ufa wa krankikesi, yaani ganda la alumini la injini, karibu na kitako cha silinda.

Mwenye ndege akaniuliza, "Fundi, hapo si unachomelea tu?"

Halikuwa swali la kipuuzi. Kibuye kuna mafundi wa jua kali wanaochomelea alumini ukashangaa. Lakini krankikesi ni nusu mbili zilizochongwa pamoja kama jozi, na katikati yake ndimo krankishafti, mhimili unaozungusha propela, inamozungukia. Joto la kuchomelea huzipinda. Matundu ya beringi yakihama kidogo tu, hata jicho lisione, beringi zinaungua. Kwa hiyo anayechomelea lazima awe na mashine ya kusawazisha nyuso na kuchonga matundu yale upya kwa mstari mmoja, tena awe na kibali. Nikamjibu, "Mzee, ikichomelewa hapa siwezi kuitilia sahihi." Injini ilikuwa imekaribia saa 2,000 za kazi anazopendekeza mtengenezaji kabla ya kuifungua na kuijenga upya, basi tukakubaliana ifunguliwe yote.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka ulishike: ufa una mzazi. Mtafute kabla ya kulipia matibabu.

Tulipotenganisha zile nusu, tulikuta silikoni imepakwa kwa wingi kwenye maungio. Aliyeijenga injini mara ya mwisho alitaka kuzuia uvujaji. Silikoni nene hukaa kati ya nyuso mbili zinazopaswa kugusana chuma kwa chuma. Unakaza bolti ndefu hadi kipimo kinachotakiwa, kisha injini ikipata moto ile silikoni inabonyea na bolti inalegea. Rangi iliyopakwa chini ya kitako cha silinda huleta balaa hilohilo. Nusu zikishalegea husuguana kila silinda inapowaka. Kandokando ya matundu ya bolti tuliona alama zake: madoa ya kijivu yaliyochimbika, ukipitisha ukucha unakwaruza. Kila chembe inayosagika hupunguza mkazo wa bolti, na mkazo ukipungua msuguano unazidi. Kama tungeziba ufa na kuiacha hali hiyo, ungerudi.

Kuhusu kutafuta nyufa, nilikosea mwanzoni. Niliamini tochi na macho yangu, nikaona ufa mmoja. Baada ya kuondoa masizi na rangi yote, tukapaka rangi nyekundu ya kupenya, tukaipa muda, tukaifuta na kupuliza ile nyeupe inayoivuta nje. Ufa wa pili ukajitokeza, mwembamba kama uzi wa buibui. Krankikesi chafu huficha nyufa.

Tulituma krankikesi Marekani kwenye karakana inayofanya kazi hii peke yake. Tuma nusu zote mbili, usitume moja. Hakikisha namba zilizogongwa juu yake zinalingana, zipige picha, kisha zifunge kwenye sanduku la mbao nyuso za maungio zisiguse kitu. Ikirudi, dai cheti chake, Fomu 8130-3 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Bila karatasi hiyo una kipande cha alumini kizuri, lakini ndege huirushi.

Kazi ilirudi safi machoni. Hata hivyo niling'oa vizibo vya njia za mafuta na kupitisha brashi. Zilitoka chenga za alumini. Chenga hizo zingeenda moja kwa moja kwenye beringi mpya, kwa hiyo osha mwenyewe hata ukiambiwa imeoshwa. Kisha weka beringi bila krankishafti, kaza bolti zote, upime matundu.

Kwenye maungio tulitumia uzi wa hariri na utepe mwembamba wa dawa ya kuzibia, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, tukakaza bolti kwa mpangilio wake. Baada ya kuiwasha mara ya kwanza nikapuliza ile poda tena. Ilibaki nyeupe.