Kabla hujasaini hiyo bondi, baba

Mwanangu, meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Unauliza kampuni imekubali kukulipia masta ya jioni hapo hapo Dar ila usaini bondi ya miaka mitatu, yaani ukiondoka kwao kabla miaka haijaisha unawarudishia hela, sa ukubali au usubiri skolashipu za nje. Kwa simu nisingemaliza, ndo maana naandika.

Sikuambii ukatae. Kulipiwa ada huku mshahara unaingia ni jambo kubwa, na wewe bado Bodi ya Mikopo wanakukata asilimia 15 ya basic kila mwezi, deni lingine juu yake hulihitaji. Ila mi na bondi tunajuana. We ukiwa hujaanza hata chekechea mwajiri wangu wa zamani alinisomesha, nikasaini miaka mitatu bila kusoma vizuri, nilikuwa na furaha, naogopa wasije wakabadili mawazo. Alafu baba yako akahamishiwa Mwanza. Nilikuwa nimeshatumikia miaka miwili na miezi saba, imebaki mitano tu, nikajua ntalipa ya hiyo mitano. Yule dada wa utumishi akanigeuzia karatasi akaweka kidole chini kabisa, nikasoma "gharama zote". Zote baba, kama vile sijawafanyia kazi hata siku moja. Kile kiwanja cha Kibaha unachotusikiaga tukikitaja, kiliendea huko.

Kwa iyo cha kwanza waombe deni liwe linapungua kila mwezi unaotumikia, na iandikwe. Tufanye ada ni milioni 12 na bondi ni miezi 36, ukiondoka baada ya miaka miwili unadaiwa milioni 4, sio zote 12. Alafu uliza miaka inaanza kuhesabiwa lini, maana masta ya jioni inaweza kukuchukua miaka miwili, wakisema wanahesabu ukishamaliza basi hapo umefungwa mitano sio mitatu. Na wao wenyewe wakipunguza wafanyakazi, iandikwe kwamba hudaiwi kitu.

Sasa skolashipu. Nimekaa na yule binti wa jirani aliyerudi Ujerumani juzi juzi, kanielewesha vizuri sana. Hao wa DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa skolashipu, wana kozi zao maalum za masta kwa watu wa nchi zetu, wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, hiyo unayo, ila wanataka pia digrii iwe haijapita miaka sita, na we umemaliza 2021, hapo ndo naona muda unakukimbia. Chevening ya Uingereza ni mwaka mmoja, wanalipa ada, nauli na pesa ya kujikimu, ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili, kwa iyo na yenyewe ina kifungo chake ila unakuwa huru kufanya kazi popote hapa nchini. Siku hizi wanafungua Agosti wanafunga Oktoba, masomo yanaanza Septemba ya mwaka unaofuata. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya wanatoa euro 1,400 kwa mwezi na unasoma kwenye nchi zisizopungua mbili, hiyo nayo ombea.

Mi nionavyo omba zote msimu huu huku mkiendelea kujadili bondi, kampuni haiwezi kukufukuza kwa kuomba muda wa kusoma mkataba. Ila bosi wako usimfiche. Rekomendesheni anaandika yeye, akija kujua kwa watu wengine ataona umemzunguka. Nenda ofisini kwake asubuhi kabla hajachoka, mwambie ukweli, na umuulize ukipata ya nje watakupa likizo ya masomo hata bila mshahara na nafasi yako ikusubiri. Akikubali akupe barua, usitoke na neno la mdomo. Alafu hapo upite Bodi ya Mikopo uwaulize, maana mshahara ukisimama makato nayo yanasimama ila deni liko pale pale.

Najua unawaza na mimi, nani atabaki na mama. Dada yako yuko, dawa za presha nakunywa kila siku, hilo lisikuzuie hata kidogo.

Hiyo karatasi ya bondi ipige picha kurasa zote, mpaka zile za nyuma zenye maandishi madogo, unitumie leo. Na usisaini kitu mpaka tuisome wote.

Mama