Jibu: Je, Waturuki ndio waliowasukuma Wareno baharini?

Mkuu, umeuliza kama Wareno walizunguka Afrika kwa sababu Waturuki waliteka Constantinople mwaka 1453 wakafunga njia ya viungo vya India. Shuleni tulikaririshwa hivyo, lakini hesabu haikai. Pilipili manga nyingi ilipitia Bahari ya Shamu hadi Misri, na Misri ilikuwa ya Wamamluki (watawala wengine, si Waturuki hawa wa Constantinople) mpaka 1517. Kilichowauma Wareno ni faida ya Venice, mji wa wafanyabiashara Italia, ulionunua viungo Alexandria, bandari ya Misri, na kuviuza Ulaya kwa bei ya kuruka. Tena walishaanza kushuka pwani ya Afrika Magharibi kutafuta dhahabu kabla ya 1453.

Nahodha wao Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Zawadi alizomwandalia mtawala wa kule (kofia, mabeseni, sukari, asali!) zilichekwa. Baadaye ikaja mizinga: Kilwa na Mombasa ziliporwa 1505. Venice nayo haikufa papo hapo, maana katikati ya karne ya 16 pilipili ilikuwa inapita Misri tena kwa wingi. Kwetu yamebaki maneno ya Kireno: meza, bendera, na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa.