Maswali ya Wauguzi: Presha Nzuri, Damu Inavuja Tumboni

SWALI: Kijana wa bodaboda aliletwa kituoni kwetu baada ya usukani kumpiga chini ya mbavu za kulia. Alikuwa anaongea vizuri, presha 118/76, tumbo laini. Tulimpa dawa ya maumivu tukamlaza kwa uangalizi. Baada ya saa mbili alilegea, presha ya juu ikawa 80. Tulikosea wapi?
*Muuguzi, kituo cha afya, Geita*

JIBU: Pole sana, dada. Umetaja presha na tumbo, hukutaja mapigo ya moyo, na hapo ndipo damu ilipopita bila kuonekana. Mtu mzima mwenye afya, hasa kijana, anaweza kupoteza damu karibu lita moja na nusu huku presha ya juu ikisomeka vizuri. Mishipa ya mikono na miguu hujibana, moyo huongeza mbio. Mwili ukishindwa kuendelea hivyo, presha huporomoka ghafla.

Tuchukue mfano wa karatasi ya vipimo. Saa 4:00 mapigo 92, presha 118/76. Saa 4:15 mapigo 104, presha 116/84. Saa 4:30 mapigo 118, presha 112/90. Presha ya juu karibu haijatikisika, lakini mapigo yanapanda, na pengo kati ya presha ya juu na ya chini limepungua kutoka 42 hadi 22. Mgonjwa huyu anavuja damu mpaka ithibitike vinginevyo. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi: pimeni kila dakika 15, na muandike kwenye safu moja ili macho yaone mwelekeo. Bonyezeni kucha kwa sekunde 5 kisha achieni. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2 na vidole ni vya baridi, msisubiri presha ishuke.

Tumbo laini nalo lisiwatulize. Damu mbichi haichomi utando wa tumbo kama nyongo au kinyesi, na tumbo humeza lita kadhaa kabla halijavimba, kwa hiyo kulizungushia utepe wa kupimia hakusaidii. Muulizeni kama bega la kulia linauma bila kuumia: damu iliyojikusanya juu ya ini huchokoza kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na maumivu husikika begani. Bega la kushoto huelekeza kwenye bandama. Wingi wa damu (hemoglobini) wa kipimo cha kwanza unaweza kuwa wa kawaida kabisa, maana chembe na maji ya damu hutoka pamoja. Hata ultrasaundi isiyoonyesha kitu mapema irudiwe.

Cha kufanya: oksijeni, kisha kanula mbili nene mikononi (za kijivu, namba 16, zikiwepo). Msiweke miguuni, kwa sababu mshipa mkubwa wa tumboni ukiwa umepasuka dripu itamwagika humo humo. Chukueni damu ya kupima kundi na kuoanisha. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke) gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, mradi dozi ya kwanza ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikichelewa zaidi inaweza kudhuru. Dripu itolewe mililita 250 kwa mara, mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yashikike, hata kama presha bado iko chini. Akiwa ameumia na kichwa, presha ya chini kiasi hicho haifai. Lita nyingi za maji huipunguza damu nguvu ya kuganda, humpoza mgonjwa, na husukuma nje bonge lililokuwa limeziba jeraha. Mfunikeni kwa blanketi. Asile wala kunywa. Kwa maumivu, diklofenaki hapana, kwa kuwa inazuia chembe za kugandisha damu. Mofini kidogo kidogo mshipani ni salama zaidi.

Kituo kisicho na damu wala chumba cha upasuaji kianze rufaa mapigo yanapopanda.

SWALI: Mtu amekatwa panga, utumbo umetoka nje. Tuurudishe?

JIBU: Hapana. Funikeni kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu yenye uvuguvugu, na muilowanishe tena kila inapoanza kukauka. Mkunjeni magoti ili misuli ya tumbo ilegee. Kisu kilichobaki ndani kisichomolewe. Kizungushieni vitambaa kisitikisike.

SWALI: Mgonjwa aliyepasuka ini akatibiwa bila upasuaji, tumwangalie nini wodini?
*Muuguzi, Moshi*

JIBU: Siku ya kwanza wingi wa damu upimwe kila saa 6 hivi, na mkojo usipungue nusu mililita kwa kila kilo kwa saa: mtu wa kilo 60, mililita 30. Kila anayepita asimbonyeze tumbo upya. Mwelezeni na ndugu yake kwamba hata wiki kadhaa baadaye, choo cheusi, macho ya manjano na maumivu upande wa kulia vikija pamoja, damu inaweza kuwa inaingia kwenye njia ya nyongo. Arudi hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mvuvi wa Ukerewe alitapika damu nyingi. Daktari alikataa tusimpe asidi ya traneksamiki. Kwa nini, wakati majeruhi tunawapa?

JIBU: Alikuwa sahihi. Kichocho cha tumbo, ambacho wavuvi wa ziwani huambukizwa majini, huacha makovu ndani ya ini, damu inayotoka utumboni hukwama njiani, na mishipa ya koo la chakula huvimba mpaka hupasuka. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 wenye kutokwa damu tumboni au utumboni, haukuona dawa hiyo ikipunguza vifo, ila iliongeza mabonge ya damu mishipani. Mlazeni ubavu wa kushoto, mashine ya kunyonya iwe karibu. Muongezeeni damu mpaka hemoglobini ifike gramu 7 hadi 8 kwa desilita, isizidi sana, maana damu nyingi hupandisha msukumo kwenye mishipa ile ile. Seftriaksoni (antibiotiki) gramu 1 kwa siku, okitreotaidi (dawa ya kupunguza msukumo kwenye mishipa hiyo) ikiwepo, na apelekwe kwenye kamera ya tumbo ndani ya saa 12 mishipa ifungwe. Propranololi, dawa ya vidonge ya kushusha msukumo huo, haianzishwi usiku wa kutapika damu, inangoja atulie. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, nayo ingoje.