Maziwa kwenye leso: ni dawa au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke transjenda (nilipozaliwa nilihesabiwa mvulana) wa miaka 27, naishi Lamu. Kila siku nameza estradioli 4 mg, homoni ya kike, na saiproteroni 50 mg ya kuzuia homoni za kiume; huu ni mwezi wa 14. Mwezi uliopita nilipewa metoklopramidi kwa ajili ya kichefuchefu na bado naimeza. Sasa nikiminya matiti, yote mawili yanatoa majimaji meupe. Juzi nimeona doa kwenye leso. Je, ni saratani? Na ni kweli wapo wenzangu waliowahi kunyonyesha?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwa maelezo yako hayo ni maziwa, na ninachokishuku kwanza ni hiyo dawa ya kichefuchefu.

Sote, wake kwa waume, huzaliwa na mirija ya maziwa nyuma ya chuchu. Estrojeni, yaani homoni ya kike kama hiyo estradioli yako, huikuza. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 hujitokeza kijivimbe chenye kuuma chini ya chuchu, kisha titi huendelea kukua miaka 2 hadi 3. Upande mmoja ukitangulia, usishtuke.

Maziwa yenyewe hutoka kwa amri ya prolaktini, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Prolaktini ina tabia yake: iko tayari kutoka wakati wote, na kinachoizuia ni dopamini, kemikali ya ubongo. Metoklopramidi huizuia dopamini isifanye kazi yake, basi breki inalegea na prolaktini inapanda. Estrojeni nayo huipandisha, saiproteroni vilevile. Ongeza na vidole vyako: kila unapominya chuchu, neva hupeleka habari ubongoni kama vile kuna mtoto ananyonya. Najua ni hofu inayokufanya ujikague, lakini tafadhali acha kabisa kuminya.

Metoklopramidi kwa kawaida haitumiki zaidi ya siku 5. Mrudie aliyekuandikia, akuachishe na atafute chanzo cha kichefuchefu. Saiproteroni pia izungumzeni: mwongozo wa kimataifa wa 2022 wa afya ya watu transjenda unapendekeza 10 mg kwa siku, na dozi kubwa za muda mrefu zimehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo. Lakini usijipunguzie mwenyewe nyumbani.

Ukishaiacha metoklopramidi kwa siku chache, pima prolaktini asubuhi, ukiwa umetulia, na matiti hayajaguswa. Pima na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu zikipungua nazo huleta maziwa. Prolaktini ikibaki juu sana, utahitaji picha ya MRI ya kichwa. Ukiumwa kichwa mfululizo, au ukaanza kutoona vitu vya pembeni, usisubiri majibu ya maabara.

Kuhusu saratani: mgonjwa akija, mimi huweka shashi nyeupe chini ya chuchu na kubonyeza taratibu mara moja tu. Matone meupe yakitokea vitundu kadhaa, kwa matiti yote mawili, moyo wangu hutulia. Linalonitia wasiwasi ni damu, au majimaji yanayotoka yenyewe kwenye kitundu kimoja cha titi moja, uvimbe mgumu, au ngozi iliyovutwa ndani. Utafiti wa Uholanzi wa 2019 uliwafuatilia wanawake transjenda 2,260, na 15 walipata saratani vamizi ya titi. Hatari yao ilizidi ya wanaume kwa mbali, ila ilikuwa chini ya ile ya wanawake wengine.

Na ndiyo, wapo walionyonyesha. Mwaka 2018 madaktari wa New York walieleza habari za mwanamke transjenda wa miaka 30 ambaye mwenzi wake alikuwa mjamzito. Walimpandishia estradioli na projesteroni, homoni nyingine ya kike, wakampa domperidoni, dawa nyingine ya kichefuchefu, akatumia pampu ya maziwa, kisha homoni zikashushwa mtoto alipokaribia kuzaliwa. Alifikia takriban mililita 240 kwa siku, na mtoto akaishi kwa maziwa yake peke yake wiki 6 za mwanzo. Domperidoni hulegeza breki ileile ya dopamini, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo usiinunue dukani ukajaribu.

Nimeona wenzako wakikaa na uvimbe miezi kwa kuogopa jina kuitwa kwa sauti mbele ya majirani. Kama Lamu unaona haya, vuka hadi Mokowe, panda basi uje Malindi. Ukifika mapokezi, sema jina unalotaka kuitwa. Njoo na pakiti za dawa zote unazomeza, hata zile za kununua dukani.