Kikombe cha Chai Kilichoketi Kando ya Maharagwe

SWALI: Mama, hujambo? Mimi ni fundi wa cherehani Gikomba, miaka 34, si mjamzito. Kliniki wamenipima damu ikawa 9.8, wakanipa tembe za madini ya chuma. Majirani wananikanya: niziache, ninywe bitiruti iliyosagwa pamoja na soda nyeusi. Asubuhi huwa nakunywa chai ya maziwa na mandazi. Mchana ni chapati na maharagwe kibandani, na chai tena. Jioni ugali sukuma. Nyama ni ya mwisho wa mwezi. Nile nini? – Mshonaji, Eastleigh

JIBU: Sijambo, binti yangu. Tembe usiache. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (kile kipimo cha damu yako) iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na 9.8 haitibiwi kwa juisi. Bitiruti sina ugomvi nayo, ila chuma chake ni kidogo. Hiyo soda ni sukari na rangi tu.

Wengi wakisikia mlo wako watakuambia ununue nyama. Mimi naanzia kwenye kikombe. Maharagwe yana chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na kikikutana na chai tumboni, tanini, ule ukakasi wa majani ya chai, hukishika kikapita bure. Najua mama wa kibanda hukuwekea chai hata kabla hujaagiza. Mwambie akuwekee ya saa kumi. Kati ya chai na chakula ipite saa moja au mbili. Tembe pia usizimeze kwa chai wala maziwa, tumia maji.

Mahali pa ile chai weka kitu kichachu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Agiza kachumbari juu ya maharagwe, ukamulie ndimu. Mapera yakiwa msimu nunua, yana vitamini C kuliko machungwa. Sukuma nayo inayo, lakini si ile inayochemshwa mpaka igeuke rangi na maji yake yakamwagwa! Ioshe kabla ya kuikata, uiivishe dakika chache tu. Siku nyingine pika terere, managu au kunde.

Na wewe uko Gikomba, hatua chache kutoka soko la samaki. Omena wachache kwenye ugali wa jioni wanakupa protini, na kalsiamu kwa kuwa unawala na mifupa yao. Tena samaki, kama nyama, huusaidia mwili kufyonza chuma cha mboga zilizo kwenye sahani hiyo hiyo. Pesa ya nyama ya mwisho wa mwezi ningeigawa: maini kidogo, mara mbili mwezini.

Unga je? Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe chuma, zinki na vitamini kadhaa. Ule unaosagisha mtaani mara nyingi hauna nyongeza hiyo. Soma pakiti.

Ukirudi kliniki waeleze kama hedhi yako ni nzito, na uulize kuhusu minyoo. Chakula pekee hakizibi tundu ambalo damu inavujia. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo usitarajie nguvu zote wiki hii. Waulize pia siku ya kupimwa tena.

SWALI: Mke wangu anasema ugali wa usiku ndio unaoninenepesha. Ni kweli? – Mlinzi wa usiku, South B

JIBU: Saa si hoja kubwa, baba, hoja ni jumla ya siku nzima. Punguza ugali, ongeza mboga nusu ya sahani, na mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Kisha niambie kuhusu soda unazonywa kibandani pako pa lindo ili usisinzie. Chupa ya mililita 300 hubeba karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba hivi, na mke wako hazioni.